Nani Ataandika Muhtasari? Afisa Utumishi, Mafunzo ya Uhazili na Hatima ya Kiswahili Ofisini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya msimamizi wa rasilimali watu, ambaye kwa miaka mingi aliitwa afisa utumishi, katika mafunzo ya makatibu wa ofisi za umma nchini Tanzania, kwa kulinganisha na Kenya. Hoja kuu ni kwamba matamko ya kisiasa kuhusu Kiswahili yalitekelezeka pale tu yalipoingizwa katika muundo wa utumishi, yaani katika masharti ya kumwajiri, kumfunza na kumpandisha cheo katibu. Makala yanaonyesha pia kwamba hatimkato ya Kiswahili ilikuwa na ugumu wake wa kiisimu ambao haukuweza kutatuliwa kwa kutafsiri mafunzo ya Kiingereza. Mwisho, yanapendekeza hatua kwa nchi jirani ambazo zimekipa Kiswahili hadhi rasmi katika miaka ya karibuni.

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili kama lugha ya dola katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata matamko. Tunakumbuka hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere aliyoitoa bungeni kwa Kiswahili mwezi Desemba 1962. Tunakumbuka agizo la Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, la mwanzoni mwa 1967, kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Kwa upande wa Kenya, tunakumbuka uamuzi wa Julai 1974 wa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya Bunge, na Katiba ya 2010 iliyokitambua kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza.

Usimuliaji huu una upungufu mmoja. Kati ya tamko la kiongozi na barua inayomfikia mwananchi kuna mtu ambaye jina lake halionekani popote isipokuwa, pengine, katika herufi mbili za kumbukumbu ya barua. Mtu huyo ni katibu. Yeye ndiye aliyeandika kwa mkato maneno ya mkuu wake, akayachapa, akayasahihisha, akayapeleka masijala. Nyuma yake kuna mwingine asiyeonekana zaidi: afisa utumishi aliyeamua katibu huyo awe na cheti gani, asome chuo gani, apewe ruhusa ya masomo lini, na akirudi apangiwe kazi gani. Makala haya yanawahusu wawili hao. Yanadai kwamba sera ya lugha ya ofisini iliandikwa mara mbili: kwanza jukwaani, kisha katika masharti ya ajira, na kwamba maandishi ya pili ndiyo yaliyokuwa na nguvu ya kudumu.

2.0 Karani na katibu kabla ya uhuru

Utawala wa Kijerumani ulihitaji makarani wa kuandika orodha za kodi, barua za maakida na kumbukumbu za mashauri. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa katika miaka ya 1890, ilikuwa miongoni mwa chimbuko la watu hao. Lugha ya kazi yao ilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kwa maana hiyo, mafunzo ya kwanza ya kazi za ofisi Tanganyika yalikuwa pia mafunzo ya uandishi wa Kiswahili cha utawala.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hali ilibadilika. Waingereza walikiacha Kiswahili katika ngazi za chini, yaani wilayani, mahakama za wenyeji na shule za msingi, wakakiweka Kiingereza katika ngazi za juu. Utumishi wenyewe uligawanywa kwa rangi: nafasi za ukatibu katika ofisi za wakubwa zilishikwa aghalabu na Wazungu, kazi nyingi za kati zikashikwa na Waasia, na Mwafrika akawa karani wa ngazi ya chini. Hatimkato na uchapaji vilifundishwa kama stadi za Kiingereza. Mfumo wa Isaac Pitman, uliotolewa London mwaka 1837 kwa ajili ya sauti za Kiingereza, ulienea katika himaya yote pamoja na mitihani yake.

Urithi uliopokewa mwaka 1961 ulikuwa basi wa namna mbili. Kulikuwa na Kiswahili cha utawala kilichokomaa mikononi mwa makarani, na kulikuwa na taaluma ya uhazili iliyofungwa ndani ya Kiingereza. Hivi viwili vilikuwa havijakutana kwenye meza moja.

3.0 Agizo la 1967 na kazi ambayo haikutajwa

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kazi kubwa ya maafisa utumishi ilikuwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi na wageni. Kipimo kilichokuwapo kilikuwa cha Kiingereza, na ilikuwa rahisi kuendelea nacho. Agizo la 1967 liliwakuta katika shughuli hiyo. Mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, likakabidhiwa, pamoja na majukumu mengine, ukuzaji wa istilahi.

Agizo lilisema nini kifanyike. Halikusema ni nani atakayekifanya, wala ataandaliwaje. Tuichukue siku moja ya kazi ofisini. Mkuu wa idara anaitisha kikao kwa Kiswahili. Katibu anahitaji kuandika haraka maneno yanayosemwa, lakini alama anazozijua ni za Kiingereza. Anahitaji istilahi: kuna masurufu, dokezo, jalada, posho ya kujikimu, likizo bila malipo. Anahitaji kujua namna ya kuanza na kumaliza barua ya Serikali kwa Kiswahili chenye staha bila kuiga mpangilio wa Kiingereza. Anahitaji pia kujua mipaka ya kukata maneno katika uchapaji, kwa kuwa neno la Kiswahili lililokatwa vibaya mwishoni mwa mstari humsumbua msomaji.

Hakuna hata moja kati ya mahitaji hayo linalotimizwa na tamko. Yote ni mahitaji ya mafunzo, na mafunzo ya mtumishi yalikuwa chini ya mamlaka ya afisa utumishi. Hapo ndipo kazi ambayo haikutajwa jukwaani ilipoangukia.

4.0 Muundo wa utumishi kama sera ya lugha

Chombo alichokuwa nacho afisa utumishi ni muundo wa utumishi: waraka unaoeleza sifa za kuingia katika kada, ngazi zake, na mafunzo au mitihani inayomwezesha mtumishi kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Waraka wa namna hii hausomwi na wengi, lakini ndio unaosomwa kwa makini kuliko wote na mtu anayetaka kazi au cheo.

Nchini Tanzania, muundo wa kada ya makatibu ulikuja kudai hatimkato ya lugha zote mbili. Matangazo ya kazi ya Serikali yanashuhudia jambo hili kwa uwazi. Mwombaji wa nafasi ya Katibu Mahsusi Daraja la III alitakiwa awe amehudhuria mafunzo ya uhazili, amefaulu mtihani wa hatua ya tatu, na amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika. Katika miaka ya karibuni, kwa ngazi ya stashahada na chini ya jina jipya la Mwandishi Mwendesha Ofisi, kipimo kimekuwa maneno 100 kwa dakika, bado kwa lugha zote mbili, pamoja na ujuzi wa programu za kompyuta za ofisini.

Sharti hilo la mistari miwili lilifanya kazi kubwa. Liliwalazimisha walimu wa Chuo cha Uhazili Tabora, na wa vyuo vingine vilivyotayarisha wanafunzi kwa mitihani hiyo, kulifundisha somo ambalo lisingekuwa na wanafunzi kama ajira isingelidai. Lilimfanya msichana wa kidato cha nne aliyetaka kazi ya Serikali akichukulie Kiswahili cha ofisi kuwa stadi ya kupimwa kwa saa, wala si lugha ya nyumbani ambayo kila mtu anadhani anaijua.

Kenya inatoa mfano wa kulinganisha. Kwa miaka mingi muundo wa kada ya makatibu serikalini uliegemea vyeti vya Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya katika hatimkato, uchapaji, taratibu za ofisi, majukumu ya katibu, biashara, na Kiingereza cha biashara. Hadhi ya Kiswahili kisiasa ilikuwa ikipanda na kushuka. Mwaka 1974 kilikuwa lugha ya mijadala bungeni, ilhali miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1979 Kiingereza kikarejeshwa kuwa lugha ya mijadala pia. Ngazi ya katibu, hata hivyo, ilibaki ikipandwa kwa cheti cha Kiingereza cha biashara. Katibu wa Nairobi hakuwa na uadui na Kiswahili. Alikizungumza kutwa nzima, pengine kwa ufasaha. Kilichokosekana ni sababu ya kikazi ya kukiandika.

Tofauti hii haipaswi kutiwa chumvi. Hata Tanzania, mikataba mingi, sheria na hukumu za mahakama za juu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza kwa miongo kadhaa baada ya 1967. Ni mwaka 2021 tu ndipo marekebisho ya sheria yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katibu wa Tanzania alikuwa daraja kati ya lugha mbili, si mtumishi wa lugha moja. Lakini alikuwa daraja lenye nguzo pande zote mbili, na nguzo ya upande wa Kiswahili ilijengwa na masharti ya utumishi.

5.0 Kwa nini hatimkato ya Kiswahili haikuwa tafsiri tu

Kuna dhana kwamba mtu aliyejifunza hatimkato ya Kiingereza anaweza kuihamishia kwenye Kiswahili bila mafunzo ya ziada. Dhana hiyo ndiyo huwafanya wasimamizi wa rasilimali watu wayaone mafunzo ya Kiswahili kuwa gharama isiyo ya lazima. Uchambuzi mfupi unatosha kuonyesha hatari yake.

Katika mfumo wa Pitman, konsonanti huandikwa kwa mistari, na irabu huonyeshwa kwa nukta na vistari vidogo vinavyowekwa kando. Mwandishi mwenye kasi huacha irabu nyingi. Nafasi ya alama, iwe juu ya mstari wa daftari, juu yake kwa kugusa, au kwa kuukata, hudokeza irabu ya kwanza tu. Kiingereza kinavumilia upungufu huo kwa sababu maneno yake yana mikusanyiko mingi ya konsonanti inayoyatofautisha. Kiswahili kina silabi wazi, na irabu zake zinabeba mzigo mkubwa wa maana. Konsonanti *k* na *t* peke yake zinaweza kusomwa kata, kati, keti, kete, kiti, kitu, kito au kuta.

Mfano wa kikao ni mzito zaidi. Katibu ameandika sentensi inayoanza na neno *kamati*, ikifuatiwa na alama ya konsonanti *m, p, t, sh* na neno *taarifa*. Je, kamati *imepitisha* taarifa au *imepotosha* taarifa? Konsonanti ni zilezile, na irabu ya kwanza ni ileile, kwa hiyo hata nafasi ya alama haisaidii. Katibu aliyefunzwa hatimkato ya Kiswahili anajua kwamba mahali kama hapa irabu ya katikati ya neno haiachwi hata kasi ikiwa kubwa. Ambaye hakufunzwa atategemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu aliyeandika kwa saa tatu mfululizo si hati ya kutegemewa na tume ya uchunguzi wala na mkaguzi.

Kuna jambo la pili, la kipimo. Neno la Kiswahili hubeba viambishi vya nafsi, njeo na yambwa. *Hawajatuarifu* ni neno moja la silabi saba, lenye maana ambayo Kiingereza huihitajia maneno kadhaa mafupi. Kwa hiyo kasi ya maneno 100 kwa dakika si mzigo uleule katika lugha hizi mbili, isipokuwa kama mtunga mtihani amehesabu kwa silabi. Msimamizi wa rasilimali watu anayelinganisha cheti na cheti bila kulijua hili anaweza kumwona mwenye kasi ndogo ya Kiswahili kuwa dhaifu, ilhali huenda ameandika silabi nyingi zaidi kwa dakika kuliko mwenzake wa Kiingereza.

6.0 Kutoka afisa utumishi hadi rasilimali watu

Mageuzi ya utumishi wa umma ya miaka ya 1990 yalibadilisha uhusiano kati ya mwajiri na mafunzo. Ajira zilibanwa na makumi ya maelfu ya watumishi wakapunguzwa. Kompyuta iliingia mahali pa mashine ya taipu, na pamoja nayo ikaingia fikra kwamba kila afisa atachapa barua zake mwenyewe. Vyumba vya wapiga chapa, ambamo katibu mpya alikuwa akikaa kando ya mzoefu na kusahihishwa kila siku, vilififia. Hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko linavyotajwa, kwa sababu sehemu ya mafunzo ya uhazili haikuwa darasani. Ilikuwa katika chumba hicho.

Mwaka 2000 Chuo cha Uhazili Tabora na kituo cha mafunzo ya watumishi wa Serikali cha Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kikiwa wakala wa Serikali. Faida zake ni dhahiri: mitaala ya pamoja, ngazi za tuzo zinazotambulika, na njia ya katibu kufika stashahada. Lakini mzigo nao ulihama. Kadiri ajira ilivyokuwa ya ushindani, na baadaye kuratibiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mwajiri alizidi kumpokea katibu aliyekwisha kufunzwa kwa gharama ya familia yake. Jina afisa utumishi likaanza kupisha jina la rasilimali watu, na baadhi ya wasimamizi wakaona kwamba wajibu wao ni kuhakiki cheti, si kukuza ujuzi.

Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 hazikumwondolea mwajiri wajibu huo. Mpango wa mafunzo unaotokana na tathmini ya mahitaji bado ni kazi yake. Tatizo liko katika kutafsiri mahitaji. Orodha ya mafunzo ya makatibu hujazwa kwa urahisi na kozi za kompyuta, huduma kwa mteja na utunzaji wa siri. Zote zina umuhimu. Uandishi wa muhtasari kwa Kiswahili haumo, kwa sababu inadhaniwa kwamba mzaliwa wa lugha hahitaji kufunzwa lugha yake. Kwa kuwa wengi wa makatibu ni wanawake walio katika ngazi za chini za mishahara, sauti yao katika kupanga orodha hiyo ni ndogo. Anayekosa mafunzo hukosa cheo, na anayekosa cheo huendelea kuonekana kuwa hastahili mafunzo.

7.0 Funzo kwa nchi jirani

Haya yote yangekuwa historia ya mahali pamoja kama si hali ya sasa ya ukanda wetu. Mkataba wa 1999 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikiweka Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya 2017. Uganda, ambayo Katiba yake ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, ilipata uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Julai 2022 wa kuhimiza utekelezaji. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya. Matamko yamekuwa mengi kuliko wakati wowote.

Swali la 1967 limerudi kwa sura ya kikanda: nani ataandika muhtasari? Ikiwa wajumbe watazungumza Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa Kiingereza au Kifaransa, basi kwa muda mfupi tu lugha ya kumbukumbu itakuwa ndiyo lugha ya uamuzi, kwa maana kinachonukuliwa kesho ni kilichoandikwa jana. Kinasa sauti na programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zitasaidia, lakini hazitaamua ni lipi lilikuwa azimio na lipi lilikuwa maoni ya mjumbe. Uamuzi huo ni taaluma.

Kutokana na mapitio haya, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, tume za utumishi wa umma katika nchi zilizokipa Kiswahili hadhi rasmi ziingize uandishi wa Kiswahili cha ofisi katika miundo ya kada ya makatibu, ukiwa sharti la kupanda ngazi, na watumishi waliopo wapewe muda na nafasi ya kulitimiza. Pili, vyuo vya utumishi vya nchi wanachama vikubaliane kipimo cha pamoja kinachohesabu silabi badala ya maneno. Tatu, wasimamizi wa rasilimali watu watenge katika kila mpango wa mafunzo muda wa makatibu wapya kufanya kazi chini ya wazoefu, ili kurudisha kile kilichopotea pamoja na chumba cha wapiga chapa. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iwakutanishe wasimamizi hao na wanaisimu. Hadi sasa makongamano ya Kiswahili, likiwamo hili letu, huwaalika waandishi, walimu na wanahabari. Mtu anayetia saini ruhusa ya masomo ya katibu hukosekana.

8.0 Hitimisho

Makala haya hayasemi kwamba maafisa utumishi walikuwa wapigania lugha. Wengi wao walikuwa wakitimiza waraka tu. Lakini waraka huo, kwa kudai hatimkato ya Kiswahili kando ya ile ya Kiingereza, ulifanya jambo ambalo hotuba haingeweza kulifanya peke yake: uliifungamanisha lugha na mkate wa mtumishi. Palipokuwa na hotuba bila waraka, lugha ilibaki midomoni. Nchi jirani zinazoanza safari hii leo zina nafasi ya kuanza na waraka, kabla shauku ya tamko haijapoa.